Mbuzi Walifika, Wambua Hakuja

Kila Alhamisi, jua likiwa halijakolea, ua wa nyumba ya Mselem pale Munje ulijaa sauti ya mchanga ukisugua bati. Hiyo ndiyo siku ya kuosha masufuria. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni siku za harusi, na Mselem alikuwa mpishi wa harusi.

Hakuwa na mkahawa wala kibanda. Alikuwa na masufuria sita makubwa, miiko mitatu mirefu, na mkono uliojua chumvi. Mkewe, Nusra, alisaga bizari, akatengeneza achari na kachumbari. Binti yao, Sumaiya, alikuwa amemaliza shule, naye ndiye aliyepokea simu za wateja.

Na siku hiyo ya Alhamisi ndiyo siku aliyokuja Wambua.

Wambua aliishi Shimba Hills. Wazazi wake walitoka Machakos zamani, wakahamia na kupewa shamba hapo. Alifuga mbuzi, akalima nyanya na kunde. Alikuja na pikapu yake kuukuu, imejaa kuni, nyanya na mbuzi wazima. Hakumchinja hata mmoja. Alijua kwamba kazi hiyo ni ya Mselem.

"Hodi!" Wambua alipiga kelele toka njiani. "Wenyewe mmeamka, ama mmelala kama Waswahili?"

"Karibu, Mkamba," Mselem alimjibu bila kuinua kichwa. "Leo umeleta mbuzi ama umeleta mifupa?"

"Huyu mbuzi umheshimu. Atakupiga teke hilo tumbo la pilau."

Nusra alicheka. "Shemeji, mwachie mume wangu tumbo lake. Hilo ndilo tangazo letu la biashara."

Ndivyo walivyoishi kwa miaka tisa.

Walikutana siku ya mvua. Kulikuwa na harusi karibu na Msambweni. Kuni zililowa, moto ukakataa kuwaka. Bibi harusi alikuwa ameshatoka, wageni wameketi, na sufuria bado baridi. Wambua alikuwa muuza kuni tu, akingoja alipwe aende zake. Aliwatazama wapishi wakipuliza moshi mpaka machozi yakawatoka. Kisha akavua shati. Alipasua kuni moja moja, akatoa ule moyo mkavu wa ndani, akauwasha. Pilau ikaiva. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwajiri mwenzake. Walifanya kazi pamoja na kugawana walichopata. Hawakuandika kitu.

Kulikuwa na desturi moja waliyoishika bila kuitaja. Msiba ukitokea, masufuria yanatoka. Hayaulizwi yanakwenda kwa nani. Mselem anapika, Wambua anawasha moto, Nusra anaungana na wanawake wa nyumba, na hakuna malipo. Harusi inaweza kusogezwa mbele. Maiti haingoji.

Baba yake Mselem alipofariki, Wambua alifika kaburi halijachimbwa. Alipasua kuni siku tatu. Alilala ndani ya pikapu, mbele ya mlango.

*

Mambo yalianza kubadilika siku waliyopika harusi ya Ukunda. Mmoja wa wageni alikuwa Lewis, kijana wa bara, msimamizi wa sherehe katika hoteli moja ya Diani. Alikula sahani ya kwanza. Akala ya pili. Kisha akazunguka nyuma kulikokuwa na moto, akamtafuta mpishi.

"Shefu, hii pilau ni moto," alisema. "Nataka hii kitu kwangu kila Jumamosi. Wageni wanakuja kufunga ndoa ufukweni, na wanataka chakula cha Pwani. Lakini sitaki stori za dakika ya mwisho. Ukisema uko, uko. Sawa?"

"Nipo," Mselem alisema. Alijibu hata kabla ya kufuta mikono.

Walipokuwa njiani kurudi, alimwambia Wambua.

"Kila Jumamosi?" Wambua aliuliza.

"Kila Jumamosi. Mungu amefungua mlango, ndugu yangu."

"Na msiba ukitokea?"

"Siku hiyo ikifika tutaona."

Wambua hakujibu. Alitazama barabara, akaendelea kuendesha. Mselem alidhani kimya kile ni cha kukubali. Hakumuuliza tena. Nyumbani pia hakuuliza. Aliwaambia Nusra na Sumaiya kama mtu anayeleta habari njema, nao wakampongeza, kwa sababu habari njema hupongezwa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Walibadilisha mabati ya nyumba. Wambua alitengeneza breki za pikapu. Lakini hotelini kuni hazikuruhusiwa. Jikoni kulikuwa na gesi. Basi Wambua, bwana wa moto, alipewa kisu na gunia la vitunguu, akakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko akimenya. Mselem alimwona. Aliona pia kwamba utani umepungua. Alisema moyoni, "Amechoka tu."

Halafu Mzee Tembo, jirani wa nyumba ya tatu, alifariki Ijumaa jioni. Masufuria yote sita yalikuwa yameshapelekwa Diani. Majirani walipikia sufuria ndogo za nyumbani, kila mtu na yake. Wali mwingine ulikuwa bokoboko, mwingine mbichi. Watu walikula wamechelewa, na wengine waliondoka bila kula.

Mselem alirudi Jumapili, akaenda kutoa mkono wa pole. Alikaribishwa vizuri, akaletewa kahawa.

"Baba Sumaiya," Nusra alimwambia walipokuwa peke yao, "watu wamenyamaza."

"Si afadhali? Wangekuwa na hasira wangesema."

Nusra alimtazama sana. "Wewe umezaliwa wapi?"

*

Jumatano moja asubuhi simu ya Mselem ililia. Alikuwa Wambua.

"Mselem, mama ametutoka."

"Inna lillahi! Pole sana, ndugu yangu. Lini?"

"Alfajiri. Alikuwa amelala tu." Wambua alivuta pumzi. "Tunazika Jumamosi."

Mselem alinyamaza. Jumamosi ile hoteli ilikuwa na harusi ya watu mia tatu.

Kimya kile kilikwenda mpaka Shimba Hills, na Wambua alikisikia.

"Najua ni Jumamosi," alisema polepole. "Nakuambia tu."

Mama yake Wambua aliitwa Mbithe. Kila msimu alimtumia Mselem mfuko wa mbaazi. Alimwita "mwanangu wa Pwani". Mselem alikaa na simu mkononi, kisha akampigia Lewis.

"Pole, shefu," Lewis alisema. "Lakini huyo ni familia ama ni rafiki?"

"Ni," Mselem alianza, akakwama. "Ni mama wa mwenzangu wa kazi."

"Sasa si umtumie tu kitu? Watu mia tatu, shefu. Nitawaambia nini?"

Mselem alituma pesa kwa simu. Alituma nyingi kuliko alizowahi kumtumia mtu yeyote. Akaongeza ujumbe mrefu wa pole. Alipomaliza, alihisi moyo umetulia kidogo.

"Umetuma pesa?" Nusra aliuliza.

"Nimetuma. Hakuna atakayetoa kama mimi."

"Baba yako alipofariki, Wambua alituma?"

Mselem aliirudisha simu mfukoni. Mkewe hakumsukuma. Jumamosi, kabla watu wa hoteli hawajaja kuchukua vyombo, Nusra aliivuta kando sufuria kubwa moja. Yeye na Sumaiya wakaifunga juu ya tuktuk, wakaondoka kwa barabara ya Kikoneni kwenda mazishini. Mselem alikwenda Diani.

Alipika vizuri siku ile. Pilau ilipokuwa inakauka maji, aligeuka nyuma akaita, "Wambua, lete makaa tupalie!" Kupalia ni kutandaza makaa juu ya kifuniko, ili moto utoke juu na chini. Wapishi wa hoteli walimtazama. Hapakuwa na makaa. Hapakuwa na Wambua. Mselem alifunika sufuria, akainamisha kichwa.

Nusra alirudi jioni, miguu imejaa vumbi jekundu.

"Wamezika salama?"

"Wamezika."

"Wambua amesema nini?"

"Amesema karibuni chakula."

"Basi?"

"Basi."

Kesho yake simu ya Mselem ililia. Pesa zote zilikuwa zimerudi. Ukafuata ujumbe wa Wambua, maneno machache: *Asante. Tulikuwa na vya kutosha. Tumezika salama.*

Alhamisi iliyofuata pikapu ilifika wakati wake wa kawaida. Hakuna aliyepiga kelele toka njiani. Aliyekuwa akiendesha ni Muema, kaka wa mke wa Wambua. Mbuzi watatu walishushwa. Nyanya zikashushwa. Kuni zikapangwa vizuri.

"Wambua yuko wapi?" Mselem aliuliza.

"Yuko nyumbani, mzima," Muema alisema kwa adabu. "Amesema mbuzi ukiwahitaji upige simu. Bei ni ile ya soko."

Ikawa hivyo wiki ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Mbuzi walifika. Wambua hakuja.

*

"Baba," Sumaiya alisema siku moja, "mwezi huu hakuna mtu wa Munje aliyepiga simu. Harusi ya kwa kina Chirau wamemwita mpishi wa Vanga."

"Kwa nini? Anapika kuliko mimi?"

"Hapana," Sumaiya alisema, akainama.

Mselem aliamua kutafuta msaada. Kulikuwa na mama mmoja wa Msambweni aitwaye Subira. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kufundisha familia namna ya kuendesha biashara ndogo. Siku hizo alikuwa akija Munje kuwafundisha akina mama wanaouza samaki wakavu. Mselem alimngoja amalize, akamkaribisha uani kwake.

"Shikamoo, Bi Subira."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Nina shida ndogo. Nataka unisaidie kuandika mkataba na mtu mpya wa kuleta mbuzi na kuni."

Subira aliweka mkoba chini. Akina mama wa samaki walikuwa wameshamtajia habari za Wambua. "Wambua amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Basi nieleze yaliyotokea. Mimi sina haraka."

Mselem alieleza. Alianza na hoteli, akaja kwa Mzee Tembo, akamaliza na mazishi ya Mama Mbithe. Nusra alikuwa akichambua mchele pembeni. Mikono yake ilisimama.

Subira hakumlaumu. Aliuliza tu, "Hapa Munje ni watu wangapi wanaojua kupika pilau?"

"Kila nyumba yupo."

"Sasa walikuwa wanakuita wewe kwa nini?"

Mselem alifikiri. "Sijui."

"Mimi nadhani wewe unajua. Siku ya kilio ulikuwa pamoja nao. Mtu aliyekupikia ukiwa unalia, siku ya furaha utamwita nani mwingine? Biashara yako ilijengwa hapo. Masufuria yalifuata baadaye."

"Kwa hiyo kazi ya hoteli ni mbaya?"

"Nani kasema? Hoteli ni mteja, na mteja ni neema. Ila ulikubali peke yako kazi ya watu wanne. Mkeo uliwahi kumuuliza? Binti yako? Wambua?"

"Niliwaambia."

"Kuambia na kuuliza ni mambo mawili, ndugu yangu."

Nusra alirudi kwenye mchele wake. Mselem alijua amesikia.

"Nisikilize," Subira aliendelea. "Jambo mnalolithamini mnatakiwa kulitaja mapema, kukiwa kumetulia. Ukingoja mpaka msiba uko huku na mteja yuko huku, utachagua kwa woga. Kaeni chini nyote mnaofanya kazi hii. Ulizaneni ni kazi gani hamtaikubali hata ikiwa na faida. Siku gani ni ya ibada, siku gani ni ya nyumbani. Mmoja wenu akifiwa au akiugua, wengine watafanya nini. Nani ana ruhusa ya kumwambia mteja ndiyo, na atamuuliza nani kwanza. Mkishakubaliana, andikeni. Halafu kila mteja mpya aambiwe siku ya kwanza, kabla hajatoa hata shilingi. Wako watakaokataa. Waacheni waende kwa amani."

Mselem alisimama haraka. "Basi tuandike. Sumaiya! Lete kalamu."

"Tuandike na nani?" Subira aliuliza kwa upole. "Wambua yuko wapi?"

Mselem alikaa tena.

"Karatasi haiombi msamaha," Subira alisema. "Nenda wewe."

"Nikamwambie nini?"

"Ulichokosea. Sababu usimpe. Sababu anazijua."

*

Kwanza alimpigia Lewis. Alimwambia kwamba Jumamosi ya tatu kuanzia hapo atakwenda Shimba Hills na hatakuwepo, na kwamba Mwero, aliyejifunza kazi kwake, atapika badala yake.

"Shefu, tulikubaliana," Lewis alisema.

"Tulikubaliana, na nimekuvunjia ahadi. Ndiyo maana nakuambia mapema."

"Nitaangalia," Lewis alisema. Baada ya siku mbili alituma ujumbe. Hoteli ilikuwa imepata mpishi mwingine wa Jumamosi zote. Mselem aliusoma mara mbili. Akampa Nusra naye ausome. Ilimuuma, na hakuficha.

Jumamosi ile alipanda bodaboda, akafika Shimba Hills karibu saa nne. Kaindi, mke wa Wambua, alimpokea, akampa kiti na chai. Wambua alitoka shambani, akanawa mikono, akaja taratibu.

"Karibu, Bwana Mselem," alisema. "Habari za Munje?"

Kwa miaka tisa Wambua hakuwahi kumwita Bwana. Mselem alitamani aambiwe amelala kama Mswahili. Alitamani tumbo lake lichekwe. Adabu ile ilimchoma kuliko tusi.

"Nimekuja kukuomba msamaha," alisema. "Sikuja kumzika mama. Nilituma pesa mahali pa mikono yangu. Na kuna jingine hulijui. Mtu wa hoteli aliniuliza kama wewe ni familia ama ni rafiki. Nilimwambia wewe ni mwenzangu wa kazi."

Wambua aliketi. Alijimiminia chai.

"Labda ulisema kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyefikiria vingine."

"Hapana. Nilisema uongo."

"Watu waliniuliza, yule mpishi wako yuko wapi. Niliwaambia yuko njiani. Saa saba nikasema yuko njiani. Saa tisa, bado nikasema yuko njiani." Alitikisa kichwa. "Sijui kwa nini. Nilijua huji. Nadhani niliona haya kwa niaba yako."

Mselem alifunika uso kwa viganja.

"Mama alikuwa ameshasema," Wambua aliendelea. "Aliniambia, nikifa yule mtoto wa Pwani ndiye atakayepika. Lakini mwambieni asitie pilipili, wazee wenzangu hawana meno na tumbo pia hawana." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Alipika mkeo, na wamama wa kanisa."

"Chakula kilitosha?"

"Kilitosha. Kilikuwa chakula kizuri."

Walikwenda kuliona kaburi. Lilikuwa nyuma ya migomba, udongo bado mpya, na maua ya plastiki yameanza kupauka kwa jua. Mselem alisimama na kofia yake mkononi. Alifikiria harusi alizozipikia mwaka ule. Hata moja asingeweza kukumbuka jina la bwana wala la bibi. Wale wangeweza kupikiwa na mtu yeyote. Chakula cha mwanamke huyu kilikuwa kazi yake yeye, aliombwa yeye na si mwingine, na siku yake ilikuwa imepita. Hakuna msamaha ambao ungeirudisha.

"Nilikusamehe wiki ile ile," Wambua alisema nyuma yake. "Lakini kuja Munje sikuweza. Mguu ulikataa."

"Nimekuelewa."

"Na hata kabla ya mama. Uliniambia kuhusu hoteli, hukuniuliza. Kisha ukanikalisha kumenya vitunguu."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe, mbona hukuuliza?"

Mselem alipoaga, hakuomba Wambua arudi kazini. Alimwambia tu kwamba kutakuwa na kikao Munje, Jumamosi baada ya wiki mbili, na kwamba kiti chake kitakuwepo.

*

Wambua alikuja kwenye kikao. Alikuja na Kaindi. Subira aliwapanga wote kwenye mkeka mmoja, Sumaiya akashika daftari na kalamu. Kila mmoja alisema lake, na hakuna aliyekatizwa.

Wambua alisema Jumapili asubuhi hapatikani, yuko kanisani. Mselem alisema Ijumaa hapakui kabla ya sala. Nusra alisema masufuria mawili hayatatoka Munje hata aje mteja gani, yakae tayari kwa msiba. Kaindi alisema mbuzi wasikubaliwe kwa simu kabla ya yeye na mumewe kuangalia zizi, kwa sababu mara nyingine Mselem aliahidi mbuzi ambao bado walikuwa wananyonya. Hapo watu walicheka, na Mselem pia.

"Na kukubali kazi?" Subira aliuliza.

"Hakuna anayesema ndiyo peke yake," Sumaiya alisema. "Mimi nikipokea simu, nitasema tutakujibu kesho. Nitawauliza nyote wanne kwanza."

"Andika," Mselem alisema.

Wambua aliinua mkono. "Mimi nina moja. Mmoja wetu akifiwa, kazi zote zinasimama. Na asiyeweza kufika, aje aseme mwenyewe, uso kwa uso. Asipige simu tu."

"Hata akiwa mbali, mjomba?" Sumaiya aliuliza.

"Apande gari."

Sumaiya aliandika. Mselem alitazama kalamu ikienda. Alijua sentensi ile imeandikwa kwa sababu yake, na kwamba itakaa pale maisha yote. Aliona ni haki.

Kazi hazikurudi kwa siku moja. Mwezi wa kwanza walipika msiba mmoja na harusi moja ndogo. Mjane wa Mzee Tembo alipofanya dua ya mumewe, alimtuma mtu kuuliza masufuria. Mselem aliyapeleka mwenyewe, akakaa pale mpaka sahani ya mwisho ilipooshwa. Baada ya hapo simu za Munje zilianza kulia tena. Mwenye nyumba za wageni huko Diani aliambiwa masharti yao siku ya kwanza. Alikubali, akasema hata yeye ana mama. Mwingine alikataa, wakaagana naye vizuri.

Wambua sasa huja mwenyewe kila Alhamisi. Huwasha moto wake wa kuni, na ukiwa mbali na nyumba husikia Nusra akimcheka. Lakini utani wote haujarudi. Kuna siku Mselem humtania, naye hutabasamu tu. Mselem hangojei zaidi ya hapo. Hujisemea kwamba somo hili angeweza kulipata kwa bei nafuu, kwa swali moja tu ndani ya pikapu, siku ile ya Ukunda.

Alhamisi iliyopita simu iliita wakati Wambua anashusha mizigo. Sumaiya alisikiliza, akamletea baba yake. "Ni Lewis. Nimemwambia tutamjibu kesho, lakini anataka wewe."

"Shefu!" Lewis alisema. "Yule mpishi mwingine alinikimbia. Nina Jumamosi moja kubwa, mwezi ujao. Na kuni nimeombewa ruhusa, tutapikia nje. Uko?"

Lile neno lake la "Nipo" lilimjia Mselem mdomoni. Alilimeza. Aliishusha simu, akageuka.

"Hoteli inataka Jumamosi moja mwezi ujao," alisema. "Wamekubali kuni. Mwasemaje?"

"Mimi sina neno," Nusra alisema. "Muulize Kaindi habari ya mbuzi."

Wambua alikuwa akivuta tenga kubwa la nyanya ndani ya pikapu. Alisimama akafikiri. Simu ilikuwa bado wazi.

"Nipe mpaka kesho," alisema mwishowe.

"Lewis," Mselem alisema, "kama alivyokuambia binti yangu. Tutakujibu kesho."

"Kesho? Shefu, na nikipata mtu mwingine leo?"

"Ukimpata mzuri, mpe kazi. Sisi tutakujibu kesho."

Alikata simu. Wambua alikuwa amesikia yote. Alilisogeza tenga la nyanya ukingoni mwa pikapu, akashika upande mmoja, akasimama akimngoja Mselem ashike wa pili.